Vibarua wa kikapu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wachezaji na waamuzi wa kwanza wa kulipwa

Wengi wetu tunaofuatilia kikapu tunaanzia kwa Michael Jordan. Wachache wanarudi nyuma hadi Bill Russell, na kabla ya hapo ni giza tupu. Maswali haya yanahusu giza hilo, yaani Marekani kuanzia 1896 hadi karibu 1950. Sikuyapanga kwa tarehe. Nimeyaweka kama yanavyokuja watu wakikaa kuzungumza.

Nani alikuwa wa kwanza kulipwa kwa kucheza kikapu?

Jibu linalokubaliwa na wengi ni vijana wa Trenton, New Jersey. James Naismith alibuni mchezo huu Desemba 1891 katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, na matawi ya YMCA ndiyo yaliyousambaza. Haikuchukua miaka mingi matawi hayohayo yakaanza kuuchoka. Rafu zilizidi, na watu kumi walikuwa wanaushika ukumbi jioni nzima huku wanachama wengine waliolipa ada wakisubiri zamu ya kunyoosha viungo.

Timu ya Trenton, iliyoongozwa na Fred Cooper, ikaachana na tawi lake na kukodi ukumbi wa Masonic Temple. Wakaweka kiingilio, wakaialika timu kutoka Brooklyn, na tarehe 7 Novemba 1896 mechi ikachezwa mbele ya watu waliolipa. Gharama zilipotolewa, kilichobaki wakagawana. Simulizi ya mji inasema kila mchezaji alipata dola 15, na Cooper, kwa kuwa nahodha, akapata 16. Yeyote aliyewahi kucheza ndondo anaujua mgao wa namna hiyo, hata ile dola moja ya unahodha.

Ni kweli walikuwa wanacheza ndani ya kizimba?

Kweli kabisa. Kanuni za Naismith zilisema mpira ukitoka nje, anayeugusa wa kwanza ndiye anayeurusha ndani. Hebu fikiria watu wazima kumi wakiukimbilia mpira mmoja katikati ya viti vya watazamaji, au wakigombania ngazi. Wapo waliojaribu kulitatua hilo kwa kuuzungushia uwanja wavu wa chuma, na baadaye wavu wa kamba. Mpira haukutoka tena, mchezo haukusimama, na mwili wa mchezaji ndio ulioumia. Chuma kilichana ngozi. Kamba iliunguza mikono na mapaja, na ukibanwa ukutani hukuwa na pa kukimbilia.

Watazamaji nao walikaa wameubana wavu. Wazee waliocheza enzi hizo walisimulia kuhusu pini za kofia na sigara zilizopenyezwa ili kumchoma mchezaji wa wageni. Kwenye miji ya makaa ya mawe ya Pennsylvania kuna simulizi ya wachimbaji waliopasha misumari kwa taa zao za mgodini na kumrushia anayejiandaa kupiga mtupo huru. Vizimba viliondolewa kidogo kidogo katika miaka ya 1920, lakini magazeti ya Marekani yaliendelea kuwaita wachezaji wa kikapu watu wa kizimbani kwa miongo mingi baadaye, na wasomaji wengi hawakujua jina hilo lilitoka wapi.

Walikuwa wanalipwa vipi? Kulikuwa na mishahara?

Kwa miaka ishirini na zaidi, hapana. Ulilipwa kwa mechi. Ukicheza leo unalipwa leo, ukivunjika kidole leo kesho ni juu yako. Neno letu kibarua linatoka kwenye kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili ahesabiwe siku zake. Vijana hawa hata kikaratasi hicho hawakuwa nacho.

Kwa hiyo walihamahama. Ligi zilikuwa nyingi, ndogo, na fupi: moja mto Hudson, nyingine Pennsylvania, nyingine New York, na nyingi zilikufa baada ya misimu michache. Mchezaji mzuri aliweza kuwa na timu tatu au nne kwa wakati mmoja, Jumatatu huku, Jumatano kule, Jumamosi kwa atakayepanda dau. Sisi tungewaita mamluki, na hata wenyewe wasingebisha. Shabiki alikuwa anaweza kumshangilia mtu Jumanne na kumzomea huyohuyo Ijumaa, akiwa amevaa jezi ya wapinzani.

Mabadiliko yaliletwa na timu ya New York iliyoitwa Original Celtics. (Haina undugu na Boston Celtics wa leo.) Ilianza mwaka 1914 kama timu ya vijana wa mitaa ya magharibi ya Manhattan. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikafufuliwa na ndugu wawili, Jim na Tom Furey. Jim alifanya jambo ambalo kwenye kikapu lilikuwa jipya: aliwapa wachezaji wake mkataba wa msimu mzima, kwa sharti kwamba hawachezi kwingine. Wengi husoma hapo wakaona ukarimu. Mimi naona mtu aliyechoka kuibiwa mafundi kila Jumatano. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa makubwa, kwa sababu watu walewale saba au wanane wakikaa pamoja miezi yote wanaanza kuelewana bila kutazamana. Dutch Dehnert akawa anasimama karibu na kapu akiwapa mgongo mabeki, anapokea mpira, anawagawia wenzake wanaomzunguka. Mtindo huo wa kucheza kupitia mtu aliyesimama karibu na kapu unahusishwa sana na jina lake.

Celtics walitwaa ubingwa wa ligi ya ABL mwaka 1927 na 1928, kisha ligi ikawavunja. Walikuwa wanashinda mno, na viti vya wapinzani vilikuwa vinabaki vitupu. Wachezaji wakagawanywa kwenye timu nyingine. Watatu kati yao, Dehnert, Joe Lapchick na Pete Barry, walijikuta pamoja Cleveland, na Cleveland ikachukua ubingwa wa 1929 na 1930. Ligi yenyewe ilisimama 1931 kwa mdororo wa uchumi, na vijana wakarudi barabarani kutafuta mechi za kulipwa papo kwa papo.

Mtu mfupi aliweza kuishi kwa kikapu?

Barney Sedran alikuwa na urefu wa takribani mita 1.63 na ni mmoja wa wachezaji wafupi kabisa waliomo kwenye Ukumbi wa Heshima wa Springfield, wanakoenziwa magwiji wa kikapu. Yeye na Max Friedman, rafiki yake wa upande wa mashariki wa New York, waliitwa mapacha wa mbinguni. Waliuzika kama jozi. Mwaka 1914, akiichezea Utica, Sedran alifunga vikapu 17 katika mechi moja kwenye uwanja ambao makapu yake hayakuwa na ubao nyuma. Yaani hakuna kugonga kwanza kisha iingie. Unalenga tundu lenyewe.

Mbona matokeo yalikuwa madogo hivyo, 25 kwa 20?

Kila kapu lilipofungwa, mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu ili senta wawili waugombanie. Utaratibu huo uliondolewa 1937. Pia hapakuwa na saa ya kumlazimisha mtu kurusha. Saa ya sekunde 24 ilikuja 1954. Timu ikiongoza, inakaa na mpira.

Wachezaji weusi walikuwa wapi?

Walikuwepo, ila hawakuruhusiwa kwenye ligi. Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu, kwa sababu nadhani timu bora ya zama zote hizo ilikuwa yao.

Bob Douglas alizaliwa St. Kitts, kisiwa cha Karibea, akahamia New York akiwa kijana. Mwaka 1923 alikwenda kwa wenye ukumbi mpya wa dansi wa Renaissance pale Harlem na kuwapa biashara: nipeni ukumbi wa kuchezea, nami timu yangu nitaipa jina lenu. Ndivyo walivyozaliwa New York Renaissance, au Rens kwa kifupi, timu ya kulipwa ya wachezaji weusi, mali ya mtu mweusi. Mechi zilichezwa kwenye sakafu ileile ya dansi, na mechi ikiisha watu wanacheza muziki.

Harlem peke yake isingewalisha, hivyo wakaingia barabarani na basi lao. Msimu wa 1932 hadi 1933 walishinda mechi 88 mfululizo katika siku 86. Ukihesabu utaona kuna siku walicheza mara mbili. Walikuwa saba tu: Fats Jenkins, Bill Yancey, Eyre Saitch, Pappy Ricks, Casey Holt, Tarzan Cooper na Wee Willie Smith. Waliokuja kukatisha mfululizo huo walikuwa Original Celtics.

Shida yao kubwa ilikuwa baada ya mechi. Hoteli nyingi ziliwakataa na migahawa ikawafungia milango, hivyo walilala ndani ya basi au waliendesha usiku hadi mji wenye nyumba ya kuwapokea. Uwanjani nako kulikuwa na refa wa mwenyeji. Wachezaji wa Rens walikuwa na kanuni yao: pointi 10 za kwanza zifungwe haraka, maana hizo ndizo ambazo refa atawanyima baadaye.

Mwaka 1939 yalifanyika Chicago mashindano ya kwanza ya dunia ya timu za kulipwa, wazi kwa weupe na weusi. Rens waliwatoa Harlem Globetrotters, timu nyingine ya wachezaji weusi, kisha fainali wakawafunga Oshkosh All-Stars 34 kwa 25. Mwaka uliofuata Globetrotters, timu ya Abe Saperstein wa Chicago, wakalichukua taji wao. Wanaowajua Globetrotters kwa vichekesho tu hushangaa wakisikia kwamba mwaka 1948 waliwafunga Minneapolis Lakers ya George Mikan 61 kwa 59.

Wanawake je?

Walikuwepo pia, na simulizi zao zinastahili ukurasa wao. Mwaka 1936, huko Cassville, Missouri, iliundwa timu iliyoitwa All American Red Heads. Wachezaji walipaka nywele rangi nyekundu, walisafiri mji kwa mji, na walicheza na wanaume kwa kanuni za wanaume. Timu hiyo iliishi hadi 1986.

Mwingine ni Ora Washington, nyota wa timu ya Philadelphia Tribune miaka ya 1930, ambaye pia alikuwa bingwa wa tenisi wa Wamarekani weusi mara nane kwa mchezaji mmoja mmoja. Maisha yake aliyaendesha kwa kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Ukumbi wa Heshima ulimkumbuka 2018, miaka mingi baada ya kifo chake.

Waamuzi walitoka wapi? Kulikuwa na chama?

Katika kanuni 13 za mwanzo Naismith aliweka watu wawili wenye kazi tofauti. Mmoja alitazama watu na kuhesabu rafu, mwingine alitazama mpira na saa. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye ukumbi mdogo wenye moshi, mara nyingi walipatikana watu waliokuwa karibu: mwalimu wa mazoezi, mchezaji mstaafu, au mchezaji ambaye usiku huo hakuwa na mechi.

Aliyewatafuta na kuwalipa kwa kawaida alikuwa mwenyeji. Hili linaeleza mengi kuliko hadithi zote za refa mla rushwa. Mtu anayelipwa na mwenye ukumbi, anayetaka kuitwa tena wiki ijayo, na ambaye njia yake ya kwenda kituo cha treni inapita katikati ya mashabiki wa mwenye ukumbi, hahitaji kuhongwa. Kipyenga kinapinda chenyewe.

Ndani ya kizimba refa alikuwa mfungwa kama wengine. Alichezesha kwa nguo zake na kipyenga, bila marudio ya video wala mkuu wa kumpelekea ripoti.

Iliwezekana kuifanya kazi ya refa kuwa kazi ya maisha?

Kwa kuichanganya na nyingine, ndiyo. Dave Tobey wa New York alichezesha mechi za kulipwa kuanzia 1918 hadi 1925, kisha za vyuo kwa miaka ishirini hivi, huku akifundisha na kuwa kocha. Kitabu chake cha uamuzi kilitoka 1943, na kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuieleza kazi hiyo kama ufundi wenye kanuni za mahali pa kusimama na kitu cha kutazama.

Ernest Quigley, mzaliwa wa Kanada aliyekulia Kansas, alitafuta riziki kwa misimu: majira ya joto mwamuzi wa besiboli ya ligi kuu kuanzia 1913, vuli kandanda ya Kimarekani, baridi kikapu. Kwa kikapu peke yake hesabu inayotajwa ni mechi 1,500. Mtu huyo aliishi ndani ya treni.

Pat Kennedy ni nani, na kwa nini mashabiki wa zamani wanamtaja sana?

Kwa sababu watu walikata tiketi kumtazama refa. Kennedy, kijana wa Hoboken aliyezaliwa 1908, alipopuliza kipyenga alimkimbilia mkosaji, akamnyooshea kidole, uso mwekundu, mishipa ya shingo imesimama, akipiga kelele kwamba hapana, hapana, huwezi kufanya hivyo! Halafu akaigiza kosa lenyewe mbele ya ukumbi mzima, mkono kwa mkono, kama mwalimu wa chekechea.

Wapo waliomwona mchekeshaji. Mimi nadhani alikuwa amegundua kitu: kwenye ukumbi wa maelfu ya watu bila kipaza sauti, refa ambaye hakueleweka ndiye anayepigwa chupa. Kennedy alieleweka hadi safu ya mwisho.

Ligi ya BAA ilipoanza 1946 alifanywa msimamizi wa waamuzi wake. Mwaka 1950 akaondoka na kujiunga na Globetrotters, akazunguka nao dunia akiwa refa na sehemu ya onyesho. Alifariki 1957 kabla ya kufika miaka 50, na Ukumbi wa Heshima ulipochagua kundi lake la kwanza 1959, jina lake lilikuwemo.

Wachezaji walifanya kazi gani nyingine?

Karibu kila kazi. Nat Holman alikuwa nyota wa Celtics na wakati huohuo kocha wa City College ya New York, akikimbia kati ya mazoezi ya wanafunzi na treni ya mechi. Baadaye, mwaka 1950, timu yake ya chuo ilitwaa mataji yote mawili makubwa ya vyuo, na mwaka uliofuata baadhi ya wachezaji wake wakakamatwa kwa kuuza mechi.

Philadelphia kulikuwa na SPHAs, timu ya Wayahudi ya Eddie Gottlieb, iliyocheza Jumamosi usiku katika ukumbi wa dansi wa hoteli ya Broadwood. Mchezaji wao Gil Fitch alikuwa kiongozi wa bendi. Mechi ikiisha alibadili nguo, akapanda jukwaani na kuanza kuongoza muziki kwa watu walewale waliokuwa wakimshangilia dakika chache kabla.

Kuanzia 1937 ligi ya NBL ikaleta viwanda. Goodyear na Firestone za Akron zilikuwa na timu, na mchezaji alipata kitu ambacho wa kizimbani hawakukiota: kazi ya kiwandani inayoendelea hata kikapu kikiisha. Ndiyo maana wapo waliochagua matairi kuliko dau kubwa la mji mwingine.

NBA ilipoanza, wote waliingia?

BAA iliundwa Juni 1946 na watu waliokuwa na viwanja vikubwa, wengi wao wa mpira wa magongo wa barafuni, vilivyokaa vitupu siku nyingi. Mechi ya kwanza ilichezwa Toronto tarehe 1 Novemba 1946, New York Knicks wakashinda 68 kwa 66. Agosti 1949 iliungana na NBL ikawa NBA.

Rens waliachwa nje. Desemba 1948 walikuwa wamehamia Dayton, Ohio, na kuchukua nafasi ya timu iliyokufa katikati ya msimu wa NBL. Wakawa timu ya kwanza ya weusi watupu ndani ya ligi ya weupe, chini ya Pop Gates akiwa mchezaji na kocha. Walirithi rekodi mbovu ya waliowatangulia, na ligi zilipoungana hawakualikwa. Douglas akaivunja timu.

Walistaafu na nini?

Wengi, bila chochote. Chama cha wachezaji kilianza 1954 kwa juhudi za Bob Cousy, na suala la pensheni lilipata uzito Januari 1964 huko Boston, nyota walipotishia kutoingia uwanjani katika mechi yao ya All-Star iliyokuwa inasubiriwa na televisheni. Waliostaafu kabla ya 1965 waliendelea kupigania kiasi cha maana kwa miongo mingi. George Mikan, jitu la mita 2.08 lililoibeba ligi mwanzoni na ambaye pia alikuwa mwanasheria, alikuwa mstari wa mbele katika vita hivyo hata alipokuwa amekatwa mguu kwa kisukari. Alipofariki 2005, Shaquille O'Neal alijitolea kugharimia mazishi.

Nikitaka kuanza na mtu mmoja, nianze na nani?

Joe Lapchick. Alizaliwa Yonkers mwaka 1900, mtoto wa wahamiaji wa Kicheki, akaacha shule mapema, na urefu wa mita 1.96 ukawa mtaji wake. Alianza akiwa kibarua wa usiku mmoja, kwenye timu kadhaa kwa mpigo, akipandisha dau pale walipomgombania. Alichukua mkataba wa Celtics, akavunjwa nao, akarudi barabarani. Usiku waliokutana na Rens, yeye na Tarzan Cooper, senta wawili walioumizana kwa miaka, walikumbatiana kabla ya mpira kurushwa. Katika kumbi fulani kumbatio hilo lilikuwa la hatari.

Baadaye akawa kocha wa chuo cha St. John's, kisha wa Knicks. Mwaka 1950 NBA iliwapokea wachezaji weusi wa kwanza, watatu waliokuwa kwenye timu tatu: Chuck Cooper wa Boston, Earl Lloyd wa Washington, na Nat Clifton wa Knicks ya Lapchick. Clifton alikuwa amewahi kucheza Rens, kisha Globetrotters. Alipoacha kikapu alirudi Chicago kuendesha teksi, na mwaka 1990 moyo wake ulisimama akiwa kazini, ameshika usukani.